Msimu Tuliogombania Prosesa ya Toivo

Desemba 3

Kosa wanalofanya watu wengi kompyuta yao inapozeeka ni kuuliza wanunue nini kabla ya kujua kinachowasumbua ni nini. Nimelisema hili leo wakati wa kahawa ya asubuhi, nikalirudia wakati wa kahawa ya mchana, na mara zote mbili mdogo wangu Toivo aliangalia dirishani kama mtu anayesubiri basi. Basi nitaliandika humu, ambamo hakuna wa kunigeuzia uso.

Nilihamia kwake jana, kama kila mwaka. Barabara ya kwangu msituni kaunti haiisafishi theluji mpaka Aprili. Toivo analijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu aliendesha gari la kaunti la kusafisha theluji mpaka alipostaafu. Nimekuja na sanduku la nguo, kipimajoto changu cha dirishani na daftari hili. Kwa kawaida huandika hali ya hewa tu. Nilifundisha fizikia hapa Hancock, mji wa wahamiaji wa Kifini, kwa muda mrefu, na mkono umezoea kunakili vipimo.

Upepo wa ziwani, theluji nyepesi. Toivo anataka prosesa mpya ya kompyuta yake ya gemu.

Desemba 4

Kwa yeyote atakayelisoma daftari hili nikiwa sipo: ndani ya kompyuta ya michezo kuna vitu viwili vinavyogombewa sana. Prosesa ndiyo inayofikiri na kugawa kazi. Kadi ya picha ndiyo inayochora unachokiona. Chukulia prosesa ni msimamizi na kadi ni fundi rangi. Kama fundi rangi ndiye aliyechoka, kuajiri msimamizi mwingine hakutamaliza ukuta. Ndiyo maana kwanza unaangalia nani anatoka jasho na nani amekaa.

Nilimweleza Toivo haya kwa utulivu. Akasema, "Dada, mimi nilimaliza shule."

Desemba 7, Jumamosi

Theluji mpaka magotini. Sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, ilikolezwa moto kuanzia mchana.

Kompyuta ya Toivo iko kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, katika chumba cha kubadilishia nguo cha sauna. Marehemu mke wake hakutaka kelele za milipuko sebuleni, naye Toivo hajaihamisha mpaka leo. Kila Jumamosi hukoga yeye na jirani yetu Clyde Trezona, kisha Toivo huketi kucheza kwa mtandao na binti yake Kaisa, anayefanya kazi Alaska. Pamoja na wenzao wawili wa mtandaoni ni timu ya watu wanne. Wanavuka jiji lililobomoka wakiwa ndani ya lori, wanafukuzwa, na dereva ni Toivo. Nani mwingine angekuwa dereva?

Nilikaa kwenye benchi na soksi ninazofuma, nikasikiliza.

"Kushoto, Baba. Kushoto!"

"Naenda kushoto!"

"Huendi, Baba!"

Picha ikaganda. Ilipofunguka, lori lilikuwa mtoni na wote wanne wamekufa.

"Ni hii kompyuta," Toivo akasema.

"Kila ukituua ni kompyuta," Kaisa akajibu, akicheka. "Shangazi, uko hapo? Umeshuhudia?"

"Nimeshuhudia, mwanangu."

Clyde alikuwa amejifunga shuka kiunoni, chupa ya bia mkononi, uso mwekundu kama kiazi sukari. Alifanya kazi posta, na siku hizi anasoma mitandaoni kila kitu kuhusu kompyuta, ingawa yake mwenyewe anaitumia kucheza karata. "Prosesa imechoka hiyo," akasema. "Lakini usinunue sasa, Toivo. Mpya zinatoka majira ya kuchipua. Ngoja."

Mwaka jana pia alisema angoje.

Desemba 8

Nimemwambia Toivo kuna programu ya bure inayoonyesha vipimo pembeni ya skrini wakati unacheza. Akasema ataiangalia.

Desemba 9

Hajaiangalia.

Desemba 14, Jumamosi

Lori mtoni.

Desemba 18

Baridi kali, anga safi. Nimegundua jambo. Siku za wiki Toivo hucheza peke yake baada ya chakula cha mchana, mchezo uleule, jiji lilelile, na picha haigandi. Nimemuuliza kwa nini. Akasema siku za wiki mchezo ni mwepesi. Nimemwambia mchezo haujui siku. Amekwenda kuparua theluji paani, ambako haikuwa inahitaji kuparuliwa.

Desemba 21, Jumamosi

Lori mtoni mara mbili. Clyde anasema mpya zimesogezwa mpaka majira ya joto, lakini zitakuwa na nguvu maradufu. "Ukinunua leo, Mwalimu, umenunua jana."

Nilimuuliza yeye alinunua lini mara ya mwisho. Akasema bado anangoja.

Januari 4, Jumamosi

Nimeiweka ile programu mwenyewe, Toivo akiwa anakoga. Sikuomba ruhusa. Kwenye kona ya skrini sasa kuna tarakimu ndogo za kijani: kazi ya prosesa, kazi ya kadi, na joto la kila moja.

Nilichokiona ni hiki. Mchezo ulipoanza, prosesa ilikuwa na joto la kawaida. Baada ya muda ikapanda, ikapanda, ikafika pale inapoogopa kuungua. Prosesa ina akili ya kujilinda: ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi. Hapo ndipo picha inapoganda. Haikuwa imezeeka. Ilikuwa inatafuta hewa.

"Umeona?" nikamwambia Toivo.

"Nimeona namba," akasema. "Namba zinanizuia kuona barabara. Ziondoe."

Januari 11, Jumamosi

Nataka kuliandika hili polepole ili nilifurahie.

Nilishuka chini kabla hawajamaliza kukoga, nikakaa nyuma ya mlango na soksi zangu. Clyde alitoka wa kwanza. Akajifuta kichwa, akajifuta mgongo, kisha, kwa mazoea ya mtu aliye kwake, akalitandaza taulo lake juu ya kompyuta.

Sanduku la kompyuta lina matundu juu, na kwenye matundu hayo ndiko joto linakotokea. Taulo lile ni zito, la pamba, na lilikuwa limelowa.

"Clyde," nikasema.

Akaruka. "Mwalimu! Mtu yuko uchi hapa!"

"Nimefundisha watoto wa mji huu wote, hakuna kitakachonishtua. Hilo taulo hulitandika hapo kila Jumamosi?"

"Pana joto zuri. Likikauka nalivaa tena shingoni kurudi nyumbani."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu Toivo alipoileta hii kompyuta. Sijui, ilikuwa ndogo wakati ule." Alitaka kusema ilikuwa mpya. "Kwani kuna shida?"

Mtu huyu ameifunika pua kompyuta ya ndugu yangu kila Jumamosi, kisha anakaa pembeni yake na kutangaza kwamba imechoka. Nikamuita Toivo, nikamwonyesha. Toivo alilitazama taulo, akamtazama Clyde.

"Linakauka vizuri?" akauliza.

"Vizuri sana."

Wakacheka mpaka Clyde akakaa chini. Nilipanda juu nikakata mkate wa iliki, nikala peke yangu.

Januari 13

Tumeihamishia kompyuta sebuleni. Nimeifungua na kuisafisha. Ndani mlikuwa na majivu ya jiko la sauna, nyuzi za taulo na manyoya ya mbwa aliyekufa zamani. Krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozaji chake ilikuwa imekauka kama udongo. Nimeibandua na kupaka nyingine, kiasi cha punje ya njegere. Watu huzidisha.

Januari 18, Jumamosi

Picha haikuganda hata mara moja. Joto lilitulia jioni nzima. Nilikaa nikitazama namba zangu za kijani kwa raha ambayo sitaificha.

Lori liliingia mtoni mara moja tu. Toivo akasema, "Imekwama kidogo hapo."

Haikukwama. Nilikuwa nimeikodolea macho. Sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nimeshashinda.

Januari 25

Gwaride la Siku ya Heikki mjini, sikukuu ya Kifini ya nusu ya msimu wa baridi, dubu anapogeuka usingizini. Clyde alivaa ngozi ya dubu. Baridi ya kukausha kope.

Februari 1, Jumamosi

Kaisa ametangaza jambo. Waliotengeneza mchezo wao wanatoa mpya: jiji kubwa zaidi, dhoruba za theluji, magari mamia barabarani kila moja likijiendea lake. Timu itahamia huko Jumamosi ya kwanza ya Aprili.

"Theluji, Baba! Wametengeneza gemu kwa ajili yako."

"Tutaona," Toivo akasema.

"Utaona nini? Mwezi wa tatu kuna wiki ya kuujaribu bure. Ujaribu."

"Ngoja zitoke mpya," Clyde akasema, taulo likiwa shingoni, maana hana tena pa kulianika.

Februari 11

Theluji siku nzima. Hakuna la kuandika.

Februari 12

Vivyo hivyo.

Machi 4

Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresma: supu ya njegere, na watoto wanateleza na vigari vya barafu mtaani. Toivo hajautaja mchezo mpya hata mara moja.

Machi 8, Jumamosi

Wiki ya majaribio imeanza. Toivo ameucheza mchezo mpya na Kaisa.

Sasa nitakuwa mkweli na vipimo vyangu. Joto: zuri. Hewa: ya kutosha. Lakini prosesa ilifanya kazi mpaka kikomo, kila chumba chake cha kufikiria kimejaa, wakati kadi ya picha imekaa nusu ya nguvu yake ikingojea kuambiwa ichore nini. Magari yale mamia yote yanamtegemea msimamizi, na msimamizi mmoja amezidiwa. Nilijaribu kupunguza uzuri wa picha. Hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo jaribio bora kuliko yote: ukimpunguzia fundi rangi kazi na mwendo usiongezeke, basi tatizo ni msimamizi.

Picha ilikwenda kwa kurukaruka. Kaisa alikuwa mvumilivu. "Si kosa lako, Baba. Hapo ni mashine kweli."

Wakati wa kununua prosesa ni huu. Si kwa sababu ni ya zamani, wala kwa sababu nyingine inakuja, bali kwa sababu kazi unayotaka kuifanya imeshindikana na umeona kwa macho yako kilichoishinda.

Nilimwambia Toivo hivyo.

"Ulisema iko sawa," akasema.

Machi 9

"Ulisema mwenyewe, dada. Taulo tu, ulisema."

Nimemweleza tena: kwa kazi ya zamani iko sawa, kwa kazi mpya haiko sawa. Amesema walimu hubadilisha majibu ili waonekane wanajua.

Machi 10

Nimefanya utafiti. Habari njema: ubao mkuu wa kompyuta yake unaweza kupokea prosesa yenye nguvu zaidi, ya mwisho kutengenezwa kwa tundu lake la kuchomekea prosesa. Hahitaji kununua ubao mwingine wala kumbukumbu ya RAM nyingine. Bei haitamtoa mtu machozi. Nimemwekea maelezo kando ya kikombe chake.

Clyde aliyasoma. "Utanunua kitu cha kizazi kilichopita? Toivo! Vuli hii zinatoka..."

"Clyde," nikasema, "ukimaliza hilo neno sikupi kahawa."

Lakini Toivo alikwisha kulishika. "Clyde ana hoja. Nitangoja vuli."

Huyu ndiye aliyetaka prosesa tangu Desemba, wakati haihitajiki. Sasa inahitajika, haitaki. Ningekuwa na ubao wa darasani ningeugonga kwa chaki.

Machi 13

Mvua juu ya theluji. Nimegonga mlango wa Toivo kumuuliza kama ameamua. Anaangalia hali ya hewa kwenye runinga, mtu ambaye hajawahi kuiamini hali ya hewa ya runinga.

Machi 16

Kaisa alinipigia mimi.

"Shangazi, mwambie huyo mzee. Mimi nikimwambia anageuza maneno kuwa theluji imefika wapi."

"Anasema atangoja vuli. Nyinyi mtangulie."

"Unajua tulikuwaje kabla ya gemu? Nilikuwa nampigia Jumapili. 'Umekula?' 'Nimekula. Wewe umekula?' 'Nimekula.' Dakika mbili, simu inakatwa. Tulikuwa tunapendana, ila hatukuwa na la kusema. Sasa tunakaa saa tatu nzima tunagombana. Shangazi, ananitukana kwa Kifini nikimpa ramani vibaya. Sitaki kurudi kwenye 'umekula'."

"Je, timu haiwezi kubaki kwenye ule wa zamani?"

"Wenzetu wawili wameshanunua mpya. Nikibaki tutakuwa wawili, na mchezo unataka wanne." Halafu akasema, "Wameshamtafuta dereva mwingine, kama Baba hatakuja. Nimewaambia wangoje mpaka Aprili."

Sikumwambia Toivo. Nilitaka aamue kwa hoja na si kwa kuonewa huruma.

Machi 22, Jumamosi

Dhoruba. Theluji imepanda mpaka ukingo wa dirisha la jikoni, nyepesi chini, nzito juu. Umeme ulikwenda na kurudi.

Ilipotulia mchana, Toivo alitoka na pikapu yake yenye beleshi la mbele kusafisha njia yetu na ya Clyde, kama afanyavyo kila dhoruba. Nilikuwa dirishani. Alirudi nyuma, akakata kona kwenye mdomo wa njia ya Clyde, na beleshi likalizoa sanduku la barua la Clyde, nguzo na yote, likalitupa ng'ambo ya barabara.

Clyde alitoka na kofia ya masikio. "Toivo! Hata posta hawakuwahi kunifanyia hivyo!"

Wakacheka. Lakini Toivo aliporudi ndani hakuvua buti. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, maji yakitiririka sakafuni. Nikampelekea kahawa.

"Lilikuwa hapo siku zote," akasema.

"Theluji ilikuwa nyingi. Halikuonekana."

"Nililiona, Aili." Hatumii jina langu. Huniita dada. "Niliona, nikauambia mkono, mkono ukachelewa."

Nikakaa kwenye kiti kingine.

"Kwenye gemu nako," akasema. "Kushoto, anasema. Naisikia kushoto. Nikifika, imeshapita. Na kompyuta ikiwa mbovu, basi ni kompyuta. Sasa wewe umeipoza, umeisafisha, umeweka hizo namba zako za kijani. Nikinunua hiyo prosesa, picha ikienda kama maji, na bado nikawatumbukiza mtoni? Nitasema nini?"

Nilifikiria yale matundu, majivu, punje ya njegere. Nilikuwa nimepima kila kitu ndani ya chumba kile isipokuwa mtu aliyekaa kwenye kiti.

"Utasema umewatumbukiza mtoni," nikamwambia.

"Watanitoa."

"Pengine. Lakini ukingoja vuli watakutoa Aprili. Kaisa ameniambia wameshampata dereva mwingine, amewazuia yeye." Basi nikamweleza yote ya simu, mpaka ya 'umekula'. Hakunikatiza. Kahawa yake ikapoa.

"Alisema namtukana kwa Kifini?"

"Alisema ndicho anachokipenda."

Akavua buti moja. "Hiyo ya tundu la zamani," akasema. "Inafika kwa siku ngapi?"

Machi 29, Jumamosi

Prosesa imefika jana. Leo tumeiweka. Niandike utaratibu kwa sababu Clyde alitaka kuugeuza: kwanza unasasisha ile programu ndogo iliyo ndani ya ubao wenyewe, prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake, vinginevyo ubao hautamtambua mgeni. Kisha unazima, unachomoa waya, unafungua. Clyde alishika tochi. Alikuwa amekatazwa kushika kitu kingine chochote.

Toivo aliishusha prosesa mwenyewe, kona yenye alama kwenye kona yenye alama, bila kusukuma. Mkono wake ulitulia kabisa. Nilimwona akiliona hilo.

"Zinatoka mpya vuli," Clyde akanong'ona.

"Zitoke," Toivo akasema.

Aprili 5, Jumamosi

Theluji inayeyuka. Maji kila mahali, mitaro inaimba.

Kaisa alikuwepo, na wenzao wawili, na jiji jipya lenye dhoruba. Picha ilikwenda kama maji. Namba zangu za kijani: prosesa inafanya kazi na kupumua, kadi inachora kwa nguvu zake zote, joto tulivu. Hakuna kilichoganda. Hakuna kilichoruka.

"Kushoto, Baba. Sasa, kushoto!"

Lori lilipita kona, likapanda ukingo, likaelea kidogo hewani, likazama. Wote wanne.

Clyde aliacha kutafuna. Nilitazama zile namba kana kwamba zingeniokoa, na zote zilikuwa nzuri.

"Hapo ni mimi," Toivo akasema.

"Najua, Baba," Kaisa akasema. "Ajali nyingi za zamani zilikuwa wewe pia. Tulikuwa tunajua."

"Mlijua?"

"Baba, kompyuta haitukani 'perkele' kwa Kifini kabla ya kuganda."

Mmoja wa wale wenzao akaangua kicheko, na Toivo akacheka pia, polepole, kama injini ya asubuhi ya baridi. "Basi uniambie kushoto mapema," akasema. "Nyumba mbili kabla. Mimi ni gari zito."

"Nyumba mbili kabla. Sawa. Rudisha lori, twende."

Walikwenda mpaka upande wa pili wa jiji. Nilifuma soksi nzima.

Aprili 9

Barabara yangu imefunguka. Toivo amenibebea sanduku mpaka garini, Clyde amesimama kando ya nguzo mpya ya sanduku lake la barua akitoa ushauri. Kipimajoto changu kiko kwenye mkoba. Zile namba za kijani nimeziacha kwenye skrini, naye Toivo hakuniomba niziondoe.

Kwako wewe unayeuliza kama wakati wa prosesa mpya umefika: leo, fungua mchezo unaoucheza na watu wako, weka vipimo pembeni ya skrini, cheza nusu saa, na uandike kilichotoka jasho.